Mbuzi ya Bibi

Jumapili, saa tano usiku. Turubai limerudishwa kwa wenyewe, ua umefagiwa, na vidole vyangu bado vinanukia iliki ingawa nimenawa mara tatu. Nimekaa kibarazani na kahawa iliyobaki. Nataka kuandika usiku huu huu, kabla usingizi haujaninyang'anya chochote.

Leo binti yangu amehitimu msahafu. Ana miaka 12. Juzuu zote 30 amezisoma mbele ya ustadhi wake, na leo akazimalizia mbele yetu, sauti ikitetemeka mwanzoni kisha ikatulia. Tumelisha watu wapatao 60 hapa nyumbani kwetu, katika mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani. Hakuna mnyama aliyechinjwa. Hata dagaa mmoja hakuingia chunguni.

Yeyote anayeijua Tanga anajua hilo si jambo dogo.

Lilianza miaka 2 iliyopita. Baba watoto alinunua mbuzi mapema kabla ya Idi ya Kuchinja ili tumnenepeshe wenyewe, na kazi ya kumlisha ikawa ya binti. Alimletea maganda ya ndizi na majani ya viazi vitamu, akampa na jina, Kijivu. Asubuhi ya Idi hakulia. Alikaa chumbani, na sinia lilipowekwa akasema neno moja: "Sili." Tukadhani ni la siku hiyo. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Tukasema Ramadhani itamsahaulisha. Ramadhani ikaja ikaondoka, naye akifuturu magimbi, tambi na uji wa pilipili manga. Nyama hapana, kuku hapana, samaki hapana. Mayai na maziwa anakula. Wala hamkemei anayekula, anasogeza sahani yake kidogo tu.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mwezi ule wa kwanza nilimpikia wali kwa supu ya kuku, nikamwambia ni tui tupu. Alikula vijiko viwili, akakiweka kijiko chini, akanitazama. Hakusema kitu. Yale macho ninayo mpaka leo, na labda ndiyo yaliyonifanya mwaka huu nisimame upande wake.

Maana tulipokaa kupanga hitima, wifi yangu, ambaye ndiye mpishi wa shughuli zote za ukoo, aliuliza mbuzi wangapi. Nikamwambia mwenye shughuli ameomba asichinjwe hata mmoja. Kimya. Kaka yangu akasema watu watatusema. Wifi akasema pilau bila nyama supu yake itatoka wapi, tutalisha watu wali wa rangi? Baba watoto akainamisha kichwa. Nami nilianza kulegea, nasema kweli, nikaanza kufikiria tupike vyungu viwili, kimoja cha mtoto na kimoja cha wageni.

Mama yangu, ambaye tangu tuanze alikuwa anachambua mchicha kama vile hasikii, akasema, "Mbuzi atakuwepo." Wote tukageuka. "Atakuwepo yule wa jikoni, wa kukunia nazi. Huyo tutamkalia mpaka achoke."

Kisha akatueleza jambo ambalo mimi, mtoto wake wa kumzaa, sikuwahi kulisikia. Alipohitimu yeye, huko Pangani, baba yake hakuwa na cha kuchinja. Walikula wali wa nazi, mbaazi, na mkate wa kumimina. "Watu walikula wakaniombea dua. Kuna aliyewahi kuniambia sikuhitimu?" Hakuna aliyejibu. Naye ustadhi, nilipomwendea kwa wasiwasi wangu, alisema kuchinja si sharti la kuhitimu. Sharti ni mtoto asome.

Nimeliwaza sana neno mboga wiki hii. Sisi mtu akituuliza "leo mboga gani?" tunajibu nyama, au changu, au kuku, na hatuoni ajabu. Neno la majani tumewavisha wanyama. Halafu chunguni kukiwa na mboga yenyewe hasa, kisamvu au mchunga, tunasema leo hatuna mboga.

Ijumaa tulikwenda soko la Mgandini, mimi na binti. Ukitaka kujua mkoa huu umejaliwa, nunua chakula cha shughuli isiyo na nyama. Njegere, karoti na kabichi zimeshuka kutoka Lushoto. Machungwa ni ya Muheza. Iliki na mdalasini vinatoka milima ya Amani, vikavu, vinanukia ukiwa bado hatua tatu kutoka mezani. Nazi 30 tulizitoa Pangani kwa jamaa zake mama. Binti alibeba kikapu cha njegere kichwani asikubali nimsaidie.

Sasa pilau. Wifi alikuja Jumamosi jioni na uso wa mtu anayekwenda kufanya kazi asiyoiamini, lakini alikuja, na mikono yake haijui kupika vibaya. Alimenya vitunguu kilo 3, akavikaanga taratibu kwa mafuta na samli kidogo mpaka vikawa kahawia iliyoiva, hatua moja kabla ya kuungua. Nusu akavitwanga na kitunguu saumu na tangawizi. Hapo ndipo rangi ilipotoka, na utamu ule ambao siku zote tuliupigia hesabu ya nyama. Bizari nzima, pilipili manga, karafuu, mdalasini, iliki. Viazi, karoti, njegere. Badala ya supu akatia tui la pili na la tatu, na wali ulipokaribia kukauka akamwagia juu kasimele, lile tui zito la kwanza, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko. Alipofunua harufu ilimpiga usoni, akanyamaza kidogo, akaniambia, "Wifi, lete kijiko." Akala akiwa amesimama. Akala tena.

Vingine nitavipitia haraka, maana usiku unakwenda: mbaazi za nazi, kisamvu, biringanya za kukaanga, sambusa za dengu, kachumbari, chapati. Mama alisisitiza ugali wa bada, ule wa unga wa muhogo, uwepo, hata kidogo, kwa wazee wenzake. Uliisha wa kwanza.

Keki inanidai maneno zaidi. Jirani yetu Mhindi wa Kigujarati, tuliyeishi naye miaka mingi ukuta kwa ukuta, nyumbani kwake hata yai haliingii jikoni. Kila shughuli yetu alikuwa akija, anakaa, anakunywa soda, anaondoka. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza anakula nini kwetu. Safari hii binti ndiye aliyeuliza: "Mama, si tuoke keki ambayo na jirani ataila?" Akaenda mwenyewe kubisha hodi, akarudi na karatasi yenye vipimo: unga vikombe 2, mtindi kikombe 1, sukari robo tatu ya kikombe, mafuta nusu kikombe, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai na robo, magadi soda nusu kijiko. Iliki na maganda ya chungwa yaliyoparuzwa tukaongeza sisi.

Ya kwanza, Jumanne, ilikaa kama sabuni. Tulichanganya kila kitu, ndipo tukaanza kuwasha mkaa. Jirani akaja, akaitazama, akatuelewesha. Mtindi una ukali. Ukikutana na magadi hutoa gesi, na ndiyo inayoinyanyua keki badala ya yai. Ukichelewa, gesi imeshatoroka. Moto kwanza, kuchanganya baadaye. Kwa hiyo Jumamosi tuliweka mchanga kwenye sufuria kubwa, tukaifunika ikapata joto sawasawa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, ndipo binti akatia magadi kwenye mtindi. Povu lilipopanda alipiga kelele za furaha mpaka mama akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Tukaoka keki 5, moja baada ya moja, na ya mwisho ilitoka karibu na usiku wa manane. Juu ya mkaa pana harufu ambayo ovena haiwezi kuitoa, na sitabadili mawazo yangu kwa hilo.

Kando yetu mama alikuwa na mkate wake wa kumimina. Mchele umelala majini tangu Ijumaa, ukasagwa na tui zito, hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Hakuruhusu mtu aukoroge baada ya kuumuka. Alipoumimina kwenye sufuria iliyopakwa samli ulichemka kwa vitundu vidogo vidogo, naye akainama kuvitazama, mwanamke wa miaka 70 na ushee, goti bovu, taa ya simu mkononi mwangu ikimmulikia.

Leo yenyewe ilipita kama upepo wa kusi. Dua, ubani, machozi ya baba watoto aliyejifanya anafuta jasho. Masinia 12 yalitoka nje na ndani, watu watano watano. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wageni kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Mzee mmoja alichimba pilau lake kwa vidole, akatafuta, akatafuta tena, kisha akaendelea kula. Akamega kachori, akauliza iliyobaki. Jirani alituambia kwamba hiki tunachoita kachori, viazi vilivyopondwa na ndimu vikachovywa kwenye unga wa dengu, kwao kina jina jingine kabisa, na kachori yao ndani ina njegere au dengu. Wanawake wote wa uani wakataka kujua inavyopikwa. Kisha jirani akakatiwa keki. Akala kipande, akaomba kingine cha kwenda nacho nyumbani, na binti alikifunga mwenyewe kwenye karatasi kwa mikono miwili.

Kaka yangu alikuja kuaga. Hakusema amekosea, wala sikumtaka aseme. Aliomba ukoko wa pilau.

Baada ya magharibi walibaki ndugu wa mbali na kina mama waliosaidia kuosha vyombo, na masufuria yalikuwa meupe. Zilisalia nazi mbili na magimbi kidogo. Mama akaivuta mbuzi yake, ile iliyotengenezwa kwa mti wa mwembe ambayo aliachiwa na mama yake, meno yake yamenolewa mara nyingi mpaka yamekonda. Nilidhani ataniita mimi. Akamwita binti, akiwa bado na gauni lake jeupe.

"Njoo, mke mwenzangu. Wewe umekwisha kuwa mkubwa. Huyu mbuzi sasa ni wako, umlishe."

Binti akaketi, akakunja gauni katikati ya mapaja, akashika kifuu kwa mikono yote miwili kama mtu anayeogopa kukiumiza. Akakuna. Nazi ikaanza kudondoka kwenye sinia, nyeupe, halafu ikaja na rangi.

"Zungusha kifuu, mwanangu," mama akamwambia. "Zungusha. Usifike kwenye weusi."