Mashine Iliyolala Kusi Nzima

Boti yangu ilikaa nchi kavu tangu wiki ya pili ya Aprili hadi mwanzoni mwa Oktoba, chini ya mwembe ulioko uani kwa mjomba wangu, Mishomoroni, hatua chache kutoka ukingo wa hori ya Tudor. Niliifunika kwa turubali, nikaikaza kamba, nikamwomba mjomba aitupie jicho, nikarudi kwenye shughuli zangu za mjini. Siku niliyoirejesha majini, mashine iliwaka kwa mvuto wa kumi na nne, ikatoa moshi mzito, ikatetemeka kama mgonjwa wa homa, na ikakubali kuendelea kunguruma kwa sharti moja tu, kwamba choki ibaki imevutwa nusu. Kila nilipoirudisha choki ndani, mashine ilizima. Nilipoiongezea mafuta kwa nguvu ilikohoa mara mbili tatu, ikavuta kidogo, lakini omo, mbele ya boti, ilibaki imeinuka na tezi, nyuma yake, imedidimia, kama chombo kilichopakia kupita kiasi.

Ni mashine ya kufungwa nyuma ya boti, ya mipigo miwili, ambayo oili yake huchanganywa ndani ya petroli, yenye nguvu ya farasi 40 na silinda tatu, kila silinda ikiwa na kabureta yake, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Umri wake umepita miaka ishirini na haina kompyuta ya aina yoyote, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa neema, kwa sababu ugonjwa wake hutafutwa kwa mkono, kwa jicho na kwa pua, bila kuunganisha kifaa ambacho hapa kwetu wenye nacho ni wachache.

Kitabu chake, ambacho mjomba alinikabidhi kikiwa na madoa ya oili, kina sura nzima kuhusu kuhifadhi boti wakati wa baridi. Kimeandikiwa watu wa nchi ambako hofu kuu ni maji yaliyosalia ndani ya mashine kuganda, kutanuka na kupasua chuma. Kwa miaka kadhaa niliiruka sura hiyo, nikidhani haituhusu sisi wa Mombasa, ambao hata kipupwe cha Julai hakituvalishi sweta ila alfajiri. Kumbe nusu ya sura haizungumzii barafu hata kidogo. Inazungumzia petroli iliyokaa miezi mingi bila kuchomwa, na hilo hutokea popote. Tena sisi tuna mambo yetu mawili ambayo kitabu hakiyataji: hewa ya chumvi na unyevu usiku na mchana, na wadudu. Wadudu nitawarudia.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito. Vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyoshika moto upesi mashine ikiwa baridi, hutangulia kuvukiza. Vizito hubaki, vikakutana na hewa, vikageuka kuwa kitu kinachonata kama utomvu wa mkanju. Ndani ya tangi kubwa mabadiliko hayo huenda polepole, lakini bakuli la kabureta hubeba mafuta ya vijiko vichache tu, na oili iliyochanganywa humo haivukizi pamoja na petroli. Hubakia yote, ikikaa juu ya vijitundu ambavyo maisha ya mashine yanategemea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia dukani. Nilinunua plagi tatu mpya kwa shilingi 1,500, nikazifungua za zamani na kuzitia zote pamoja ndani ya kopo la maziwa, bila kuweka alama ipi ilitoka silinda ipi. Plagi husema: yenye unyevu mweusi imepata mafuta lakini haikuyachoma vizuri, yenye rangi ya kahawia imefanya kazi yake, na iliyo kavu na safi kupita kiasi huenda haikuletewa kitu. Mimi niliwachanganya mashahidi kabla ya kesi kuanza. Mashine nayo haikubadilika. Kosa la pili ni kwamba niliiendesha hivyohivyo, ikiwa na kilema chake, hadi karibu na Daraja la Nyali na kurudi, nikiamini kuwa itajisafisha njiani.

Fundi niliyemwendea ni mzee wa Mji wa Kale ambaye nimezoea kumwita Ami ingawa hatuna udugu wa damu. Hakuuliza habari za plagi. Aliuliza nimeikimbiza kwa muda gani ikiwa katika hali ile, nami nikamjibu kama dakika ishirini. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mashine hii hunywa oili ndani ya petroli. Silinda iliyokosa petroli imekosa na oili. Wewe umeikimbiza kavu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba choki ilikuwa imenieleza ugonjwa tangu dakika ya kwanza. Kazi ya choki ni kupunguza hewa ili mafuta yawe mengi zaidi katika mchanganyiko. Kwa hiyo mashine iliyokwisha kupata moto na bado ikadai choki ni mashine yenye njaa ya mafuta. Mashine ya mipigo minne ina oili yake pembeni na inaweza kuvumilia njaa hiyo kwa muda. Ya mipigo miwili haina akiba. Pistoni ikianza kukwaruza ukuta wa silinda, hapo si suala la kusafisha tena.

Ndiyo maana Ami alianza na geji ya kupima mgandamizo, kabla hata ya kugusa mafuta. Alizitoa plagi zote tatu, akafungua mkono wa mafuta hadi mwisho, akaniamuru nivute kamba mara tano kwa kila silinda. Tulipata paundi 118 kwa inchi ya mraba katika silinda ya juu, 120 katika ya kati na 115 katika ya chini. Tarakimu zenyewe hutofautiana baina ya geji na geji, na kinachotazamwa zaidi ni je, silinda zinakaribiana. Zangu zilikaribiana. Nilishusha pumzi ambayo sikujua kuwa nilikuwa nimeizuia.

Kisha akaitenga mashine na tangi lake. Alichanganya lita 5 za petroli iliyonunuliwa asubuhi hiyo pamoja na mililita 100 za oili ya boti, yaani kipimo cha hamsini kwa moja, akaunga paipu kwenye dumu hilo. Mafuta ya tangini tuliyamimina kidogo katika chupa ya jemu na kuyaacha yatulie juani. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea, harufu yake kali na chachu kama ya vanishi, na chini ya chupa yalijikusanya maji kiasi cha kijiko, yakibingirika kila tulipoiinamisha. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa pale pale ambapo mdomo wa paipu hufyonzea. Unyevu wa miezi sita ulikuwa umeingia kwa hewa na kugeuka matone ndani ya tangi lililojaa nusu.

Kwa mafuta mapya mashine iliwaka kwa mvuto wa nne, lakini bado ilichechemea. Tuliiacha ingurume taratibu, mguu wake ukiwa ndani ya pipa lililokatwa na kujazwa maji ya bomba, naye Ami akachukua koleo lenye mpini wa mpira na kuvua kofia za plagi moja baada ya nyingine, kila mara akiugusisha mwisho wa waya kwenye chuma ili umeme upate pa kwenda. Alipovua ya juu, mashine nusura izime. Ya kati vivyo hivyo. Alipovua ya chini, hapakuwa na tofauti yoyote. Silinda ya tatu ilikuwa abiria. Cheche yake tuliitazama kando, mbali na mafuta, na ilikuwa ya buluu na kali. Mgandamizo upo na moto upo. Kilichobaki ni kabureta ya chini.

Bakuli la kabureta hiyo lilipofunguliwa, chini yake mlikuwa na utando wa kijani wenye kunata, na kielea kilikuwa kimegandia upande mmoja. Ami aliifungua jeti kuu, kijipande cha shaba chenye tundu la kupitishia mafuta, kisichofika ukubwa wa punje ya mahindi, akaishika baina ya kidole gumba na cha shahada na kuielekeza angani.

"Waona nini?"

Sikuona kitu. Palipaswa kuwa na tundu.

Nilikwenda kutafuta waya mwembamba, naye akanizuia. Tundu la jeti limetobolewa kwa kipimo cha visehemu vya milimita, na shaba ni laini. Waya wa chuma huikwaruza na kulipanua, na baada ya hapo silinda hiyo haitapata tena kipimo chake. Tulizilaza jeti usiku kucha ndani ya dawa ya kusafishia kabureta, na asubuhi Ami akapitisha kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia, wa nailoni, ambao huondoa uchafu bila kudhuru chuma. Kisha tulizichukua zote kwa fundi wa pancha aliyeko barabarani, akazipuliza kwa upepo wa mashine yake, akacheka na kukataa malipo. Nilipoielekeza jeti ile juani mara ya pili, mwanga ulipenya kama ncha ya sindano. Sijui kwa nini kitu kidogo hivyo kilinifurahisha kiasi kile.

Tulizisafisha kabureta zote tatu, si moja, kwa kuwa mbili zilizokuwa zikifanya kazi nazo zilikuwa zimeanza kupata utando. Jambo moja ningependa atakayejaribu alizingatie: kabla ya kuondoa skrubu ya mchanganyiko wa mwendo wa chini, ikaze ndani taratibu hadi ifike mwisho huku ukihesabu mizunguko, uiandike, ndipo uifungue. Mimi niliandika kwa chaki kwenye ubavu wa boti, na tarakimu hizo zilituokolea nusu ya siku.

Raba ya pampu ya maji yanayopoza mashine tuliibadilisha pia. Makombe yake yalikuwa yamelala upande mmoja kwa miezi sita na yakakataa kusimama tena, na mkondo unaotoka nyuma ulikuwa dhaifu. Hapo hapana mjadala mrefu.

Siku iliyofuata tulirudisha tangi lililooshwa, tukalitia mafuta mapya, na kungoja maji yajae, kwa kuwa zilikuwa siku za bamvua na maji yakitoka pale hubaki tope na mizizi ya mikoko. Mashine iliwaka kwa mvuto wa pili. Boti ikanyanyuka na kukaa juu ya maji kama zamani, nami nikaanza kutunga salamu za ushindi za kumpelekea mjomba. Baada ya kama dakika kumi, mashine ikapungua nguvu yenyewe, ikakohoa, ikazima.

Nilitaka kufungua kabureta upya. Ami alitazama kwanza puto la mpira lililo kwenye paipu ya mafuta. Lilikuwa limenyong'onyea, pande zake mbili zimegusana kama embe lililofyonzwa. Puto likiwa hivyo, akasema, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi; mashine inavuta na hakuna kinachokuja. Akafungua kifuniko cha tangi, na hewa ikaingia kwa sauti ya mlio mrefu, *sssss*. Puto likajaa mbele ya macho yetu. Tuliwasha mashine kifuniko kikiwa kimelegezwa, ikaenda bila kusita.

Tangi langu liko chini ya kiti, na hupumua kwa bomba dogo linalotokea ubavuni mwa boti. Tuliporudi nililichokonoa kwa kijiti cha ufagio. Dondora, nyigu ajengaye kwa udongo, alikuwa amelijaza udongo mgumu, laini juu kama uliopigwa mwiko, na ndani yake mlikuwa na buibui wadogo watatu aliowawekea watoto wake. Mafuta yakitoka bila hewa kuingia, tangi hunyonya pumzi yake lenyewe hadi pampu ishindwe. Nilipokuwa na dumu la Ami ugonjwa huu haungeweza kuonekana, na nilipokuwa na silinda iliyokufa nisingeweza kuutenganisha na ule wa kwanza. Zilikuwa hitilafu mbili zinazofanana kwa sauti, na kama ningeliendelea kubadilisha vitu vitatu kwa mkupuo mmoja ningekuwa bado nanunua vipuri.

Aprili ijayo nitaiosha mashine kwa maji baridi ya bomba kwa dakika kumi na tano, nitachomoa paipu ya mafuta na kuiacha inywe hadi izime yenyewe, nitafungua skrubu zilizo chini ya mabakuli ili mabaki yatoke, na nitatia oili kidogo katika kila tundu la plagi na kuvuta kamba polepole mara chache ili ienee. Tangi litabaki tupu na kavu. Mguu wa mashine utasimama wima ili maji yashuke yote. Bomba la kupumulia nimekwisha kulifunga kwa kipande cha wavu wa chandarua, ambacho huruhusu hewa na kumkatalia dondora.

Ami alizitoa plagi zangu za zamani kutoka kwenye kopo la maziwa, akazisugua kwa brashi ya waya, akapima mwanya wake na kuzirudisha. Ndizo zilizomo mashinani hadi leo. Zile mpya za shilingi 1,500 ziko kopo lile lile.