Risasi ya Kwanza: Kwa Basi Kutoka Belgrade hadi Sarajevo

Jioni ya kuamkia safari nilishuka mtoni kuitazama tena ile manowari. Imetia nanga kwenye Mto Sava, Belgrade, siku hizi ni makumbusho na imepewa jina la mto wenyewe. Mwaka 1914 iliitwa Bodrog, ikawa mali ya Austria-Hungaria. Usiku wa kuamkia 29 Julai mwaka huo, saa chache tu baada ya Austria-Hungaria kuitangazia Serbia vita, manowari hii na wenzake walianza kuupiga mji mizinga. Wenyeji wa Belgrade watakwambia bila kusita: Vita vya Kwanza vya Dunia vilianzia hapa, na mzinga wa kwanza ulitoka kwenye chombo hiki.

Mimi nilikuwa naelekea mahali pengine ambako nako watu husema vilianzia hapo.

Basi liliondoka saa moja asubuhi. Jirani yangu alikuwa mzee aliyestaafu shirika la reli, mfuko wa plastiki magotini, chupa ya chai ya moto iliyojaa kahawa. Huu ni mwaka wangu wa pili nasoma Serbia, na lugha yao naimudu kiasi cha kuweza kubishana. Aliponiuliza nafuata nini Sarajevo nikamjibu: nataka kuiona ile pembe aliposimama Gavrilo Princip, aliyemuua mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, Franz Ferdinand, mwaka 1914. Mzee akanigeukia mwili mzima.

"Mwanangu, usiende kutafuta chanzo cha vita kwenye pembe ya barabara. Nenda mwaka 1908."

Akaanza. Austria iliingia Bosnia mwaka 1878 kwa kisingizio cha kuitunza tu, na miaka 30 baadaye ikajitwalia moja kwa moja. Urusi ilinung'unika, Serbia ikalia, Ujerumani ikasimama nyuma ya Austria, wote wakanywea. Hapo, mzee alisema, ndipo wakubwa wa Vienna walipojifunza kwamba ukitisha unapata. Kijana wa miaka 19 mwenye bastola alikuja baadaye sana.

Hoja hiyo ina uzito, na sikuona sababu ya kuipinga. Nilimwongezea ya kwetu: mwaka 1911 Ujerumani ilipeleka manowari Agadir, Morocco, kuitisha Ufaransa, na ugomvi ule ulipomalizwa, fidia iliyolipwa ilikuwa ardhi ya Afrika. Kipande cha Kongo ya Wafaransa kilikatwa kikaunganishwa na Kameruni ya Wajerumani. Hakuna aliyewauliza wenye ardhi. Mzee hakuwahi kulisikia hilo. Alinimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akaniambia niendelee.

Tulifika Mto Drina, mpakani Zvornik. Maji ya kijani, mji umebanwa kati ya mto na mlima. Wakati tunangoja pasi zetu zirudi nilimkumbusha kwamba Nedeljko Čabrinović, yule aliyerusha bomu asubuhi ile ya 28 Juni, alivukia hapa hapa Zvornik. Princip na mwenzao Grabež walivukia kwingine, na silaha. Bastola nne, mabomu sita. Na silaha zile, nikasema kwa adabu, zilitoka Belgrade, mikononi mwa maofisa wa jeshi lenu. Mkuu wa ujasusi wa kijeshi, Dragutin Dimitrijević, waliyemwita Apis, alikuwa anajua.

Kimya. Halafu: "Maofisa, ndiyo. Serikali, hapana."

Hapo ndipo mabishano ya vita hivi hukwama siku zote, iwe darasani au kwenye basi. Nani alijua nini, na lini. Mimi nina msimamo wangu na nilimweleza barabara yote ya milimani, basi likikata kona mpaka masikio yakaziba. Silaumu risasi, nalaumu siku 37 zilizofuata. Tarehe 5 Julai Kaisari Wilhelm wa Ujerumani aliiahidi Austria kuiunga mkono kwa lolote itakalofanya. Tarehe 23 Serbia ikapewa masharti na saa 48 za kujibu. Ikajibu, ikakubali karibu yote. Asubuhi ya tarehe 28 Wilhelm mwenyewe alilisoma jibu lile, akaandika pembeni kwamba sasa hakuna tena sababu ya vita. Siku hiyo hiyo Austria ikatangaza vita. Watu wazima, wenye telegramu mezani na mabalozi kila mji mkuu, walikuwa na zaidi ya mwezi mzima wa kuzuia. Hilo linanikera mpaka leo kuliko kitendo cha yule kijana.

"Na nyinyi kwenu mnaviitaje vita hivi?" mzee aliniuliza tulipokuwa tunateremka.

Bibi yangu wa Tanga aliviita vita vya Mjerumani na Mwingereza. Nilimtafsiria.

"Sisi Waserbia hatumo?"

"Hammo."

Alilitafakari jambo lile kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikamwambia kwa nini. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na kifungu kilichoruhusu makoloni ya eneo lile, ikiwemo Afrika Mashariki ya Kijerumani, yakae pembeni wakubwa wakipigana Ulaya. Gavana Heinrich Schnee alitaka kifungu hicho kitumike. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakutaka kusikia. Alitaka kuwavuta wanajeshi wa Uingereza wasiende Ulaya. Waingereza nao hawakungoja: 8 Agosti 1914 manowari yao Astraea iliupiga Dar es Salaam mizinga, ikilenga mnara wa simu ya upepo. Tarehe 15 Wajerumani wakaiteka Taveta. Novemba vita vikafika Tanga kwetu. Babu yake bibi alichukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Hatuna kaburi la kulizuru. Waliokufa kwa namna hiyo upande wa Waingereza peke yao ni zaidi ya 90,000, wengi kwa njaa na kuhara, si kwa risasi. Ukishuka Kariakoo leo unashuka kwenye jina la kikosi chao.

Mzee alichukua namba yangu ya simu tulipoachana stendi. Nilipanda basi la mjini.

Pembe yenyewe ni ndogo. Upande mmoja Daraja la Kilatini, mawe ya kale juu ya Mto Miljacka, mto mfupi wa kina hivi kwamba Čabrinović aliporuka kujizamisha baada ya bomu lake kumkosa Franz Ferdinand, alivuliwa mzima. Upande wa pili duka la zamani la vyakula ambalo sasa ni makumbusho. Nilisimama ukingoni mwa barabara nikaangalia namna gari linavyoweza kukata kulia hapa. Mrithi wa ufalme alikuwa ametoka ukumbi wa mji, ameamua kwenda hospitali kuwaona waliojeruhiwa, na dereva hakuambiwa njia imebadilishwa. Akakata kona. Akapigiwa kelele asimame. Akasimama mbele ya Princip.

Kilichonishika zaidi ni ukuta. Kwenye kona hii, jiwe la kumbukumbu limebadilishwa kila serikali ilipobadilika. Waaustria walijenga mnara wa kuwaomboleza Franz Ferdinand na mkewe Sophie mwaka 1917. Ukabomolewa baada ya wao kushindwa. Mwaka 1930 likawekwa jiwe jeusi lililosema kwamba Princip alitangaza uhuru hapa. Wajerumani walipoingia 1941 waliling'oa wakampelekea Hitler, zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Wakati wa Yugoslavia zilichorwa nyayo kwenye saruji, mahali pa miguu ya Princip, ukaweza kusimama ndani yake. Katika vita vya 1992 zikaondolewa. Jiwe la sasa linataja tarehe, aliyeua na waliouawa, basi. Halimwiti shujaa wala muuaji wa kigaidi.

Nililisoma mara tatu. Mwalimu wa historia wa pale Sarajevo, aliyekuwa na wanafunzi wake, aliniona nikilisoma. Aliniambia kwamba darasani kwake watoto wa nyumba moja huja na majibu mawili kuhusu Princip, la babu na la shangazi. Yeye hulaumu Belgrade zaidi, na alinieleza kwa nini kwa ukali ambao mzee wa basi angeupinga neno kwa neno. Nilitamani wangekaa kiti kimoja.

Saa nne usiku, hotelini, simu ikaita kengele ya ujumbe. Ni mzee.

"Umewataja Wajerumani, Waaustria, Waingereza, na sisi. Warusi je? Nani aliita jeshi zima kabla ya Mjerumani?"

Nikawasha taa, nikakaa kitandani, nikaanza kumwandikia kuhusu tarehe 30 Julai.