Migomba kumi, mgomba mmoja

Mwezi uliopita nilipanda Kibosho, Kilimanjaro, kumsalimu bibi, nikamkuta kihambani, shamba la nyumbani, amesimama mbele ya mgomba wa mchare, ndizi ya kupika, ulionyauka, majani yake yamegeuka manjano kuanzia ya chini na kuning'inia kulizunguka shina. Nilikata shina kwa mshazari, na ndani tukaona mistari ya hudhurungi inayoelekea wekundu, ambayo ni alama ya mnyauko fuzari, ugonjwa ule ule wa kuvu ulioangamiza ndizi za Gros Michel Amerika ya Kati hadi kampuni za huko zikahamia aina ya Cavendish. (Panga nililiosha baadaye, tena kwa kukumbushwa.) Hatua tatu kutoka hapo, ndizi za mbege, pombe ya Kichagga, zilisimama kijani kibichi.

"Mjukuu wangu, chipukizi la hapa nilihamishia kule bondeni, nako umeanza. Ardhi imechoka?"

Nilimjibu kwamba sidhani ardhi imechoka. Chipukizi si mtoto wa mgomba. Ni mgomba wenyewe uliohamia shimo jingine, kwa hiyo udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa yote kumi aliyopanda. Hata wingi wa majina hudanganya: matoke ya Uganda yana majina kwa makumi, lakini vipimo vya jeni vimeonyesha kwamba yanakaribia kuwa mmea mmoja, na kinachoyatofautisha ni mabadiliko madogo yaliyojitokeza shambani, ambayo macho ya wakulima yaliyatambua, yakayachagua na kuyatunza. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa, ila si kinga.

Juu ya migomba hiyo hiyo kuna mringaringa na msesewe, ule ambao gome lake hutiwa kwenye mbege. Miti hii huzaliana kwa mbegu, na mbegu inayotokana na wazazi wawili huchanganya urithi wao upya, hivyo miche ya mti mmoja hailingani kwa kimo wala kwa kustahimili ukame na maradhi. Utajiri huo nao tunaupunguza wenyewe tunapookota mbegu zote za kitalu chini ya mti mmoja ulio karibu na barabara, badala ya kuzikusanya kwenye miti mingi iliyoachana.

Mchare ukipakwa chavua ya ndizi mwitu huweza kutoa mbegu, ingawa chache mno. Watafiti walioko Arusha hufanya hivyo kwa mkono, ua kwa ua, ili kupata mchare unaostahimili mnyauko, kisha hukuza viinitete, yaani mimea michanga iliyo ndani ya mbegu, maabara, kwa sababu mbegu hizo zikiachwa udongoni aghalabu hazioti. Ni kazi ya miaka mingi, na vimelea vya mnyauko hudumu ardhini kwa miongo.

Kwa sasa pale palipokuwa na mchare tumepanda maharage. Bibi ameniuliza mtori wa ndizi atapikia nini.