Pikipiki ilipoteza cheche baada ya kupakwa rangi

Pikipiki ya marehemu baba, cc 125 ya mfumo wa CDI (kisanduku cha kielektroniki kinachoamuru cheche), ilirudi kutoka kupakwa rangi inang'aa, lakini haikuwaka. Nilichomoa plagi, nikaigusisha kwenye injini, nikapiga kiki: hakuna cheche.

Fundi wa jirani alisema koili, inayokuza umeme wa cheche, imekufa, ninunue nyingine. Sikuridhika, maana wiki moja kabla ilikuwa inafanya kazi. Kwanza nilichomoa waya wa swichi ya kuzimia, mweusi wenye mstari mweupe, kwa sababu ukigusa fremu unaua cheche. Bado kimya.

Nikavua tangi, nikachomoa waya mweusi wenye mstari wa njano unaotoka CDI, nikapima koili. Kati ya pini yake na chuma cha koili: omu 0.6. Kati ya chuma hicho na ncha ya waya mnene wa plagi, kofia ikiwa imetolewa: kilo-omu 4. Koili nzima kabisa!

Kisha nikapima kutoka chuma cha koili hadi injini. Mita haikusoma kitu, yaani umeme haukupita. Koili hii haina waya wa athi, yaani njia ya umeme kurudi. Athi yake inapitia bolti zinazoishika kwenye fremu, na bolti zilikuwa zimekazwa juu ya rangi mpya, ambayo haipitishi umeme.

Nilikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, nikaongeza waya mfupi kutoka bolti ya koili hadi kwenye injini, nikapaka grisi kuzuia kutu. Kiki ya pili ikanguruma. Mama alitoka jikoni, akasimama kuisikiliza.