Mafaili yapo, kilichopotea ni jina la anayeyafungua

Leo nimetuliza watu kuliko nilivyoprinti. Kompyuta ya kaunta, ile ya karibu na mlango inayomeza vumbi lote la Ng'ong'ona, iliapdeti programu ya kusomea PDF usiku, na kufika asubuhi kila PDF ina alama ya karatasi nyeupe. Kijana wangu wa dukani, kwa haraka ya foleni, alipoulizwa na mashine afungulie nini akabonyeza Notepad, ile programu ya maandishi matupu, tena iwe hivyo siku zote.

Basi binti wa chuo akachomeka flashi yake, akabofya ripoti ya fildi, skrini ikajaa herufi za ajabu ajabu. "Kaka, imeliwa na virusi!" Sikumshangaa. Hapa watu wameumizwa sana na kile kirusi cha flashi kinachoficha mafolda na kukuachia shotikati tupu. Nikamwonyesha mstari wa juu kabisa: %PDF-1.7. Faili lenyewe linajitaja, nikamwambia, ripoti yako ni nzima. Hakuniamini mpaka nilipochomeka flashi kwenye mashine ya pili ikafunguka na picha zake zote. Ndipo akakaa.

Windows haichungulii ndani ya faili. Inasoma herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho, kisha inakwenda kwenye rejista yake kuangalia herufi hizo ni za programu gani. Programu yetu ilipojisasisha ilifuta jina la toleo la zamani na jipya halikuandikwa sawasawa. Ni kama mapokezi ya ofisi kule Mtumba: mtu yupo ndani, ila jina halipo kwenye daftari, unaambiwa hayupo.

Jirani yangu fundi simu akachungulia, akatoa dawa yake ya siku zote: "Piga Windows upya." Kwake hata mausi ikikwama dawa ni kupiga Windows. Nusu siku inapotea, halafu uanze kutafuta draiva za printa! Mwingine akataka tupakue kifaili cha mtandaoni kinachorekebisha rejista kwa mbofyo mmoja. Hapo nilikataa kabisa. Mashine hii inapitisha vyeti na vitambulisho vya watu. Sitaweka humo kitu ambacho sijui kimetoka kwa nani.

Tena tangu Windows 8 ya mwaka 2012, chaguo la mtumiaji la programu ipi ifungue faili gani linahifadhiwa pamoja na muhuri wa kulihakiki, ili programu zisinyang'anyane mafaili kimyakimya. Ukichokonoa rejista kienyeji muhuri haulingani, na chaguo lako linatupwa. Kwa hiyo njia ni ya mkono. Kwanza niliingia kwenye orodha ya programu, nikaiambia hii ya PDF ijirekebishe, kwa sababu haikuwa ikionekana hata kwenye machaguo. Ilipojiandikisha upya, nikabofya PDF moja kulia, Open with, nikaichagua na kuipa kazi hiyo moja kwa moja. Alama zikarudi zote. Chai ilikuwa imeshapoa.

Nikaona niwashe na kile kipengele cha kuonyesha herufi za mwisho za majina ya mafaili. Windows huzificha yenyewe, na sijawahi kuelewa wanamficha nani. Mimi nikiziona najua faili ni la nini hata alama ikipotea.

Haikupita muda, mzee mmoja mwenye barua ya kiwanja akabadilisha jina la faili lake, akafuta mpaka .docx. Mashine ikamwonya, akakubali. Faili likagoma.

"Kijana, kwani hiyo doksi ilikuwa na kazi?"

"Ilikuwa nayo, mzee wangu."

Nikairudisha, tukaprinti kopi tatu, na moja ikatoka na mstari mweusi. Kesho ni zamu ya printa.