Mtandao wa waya nyumbani: laini inayoshuka hadi 100 kila mchana

Kebo inayotoka sebuleni hadi chumba changu cha kazi imekuwa na tabia ya ajabu. Asubuhi kompyuta inaunganika kwa megabiti 1000 kwa sekunde, jua likikolea inashuka hadi 100, usiku inapanda tena. Intaneti haikatiki, na kwa kifurushi cha megabiti 20 nisingeona tofauti. Inayoumia ni kazi ya kuhifadhi picha na video kwenye diski ya sebuleni: gigabaiti 40 zinazopita kwa dakika sita hivi, mchana zinakula karibu saa nzima.

Hiyo 100 ndiyo iliyonipa mwanga. Ndani ya kebo kuna nyaya nane zilizosokotwa jozi nne. Mwendo wa 1000 unazitaka jozi zote; wa 100 unatosheka na mbili, za pini 1 na 2, na 3 na 6. Vifaa pia hupatana mwendo kupitia hizo hizo mbili. Kwa hiyo jozi ya buluu au ya kahawia ikilegea, vinakubaliana 1000, vinashindwa, kisha kadi nyingi za mtandao hushuka hadi 100 kimyakimya.

Nimebadilisha kebo fupi za pande zote mbili, nikahamia tundu jingine la swichi, kisanduku kinachogawa mtandao kwa vifaa. Bado. Laptop nikaichomeka palepale kwenye swichi: 1000 mchana kutwa. Ikabaki kebo ndefu ya darini, iliyolala chini kidogo tu ya bati. Wapo wanaoshauri kulazimisha 1000 kwenye mipangilio. Mimi siafiki, maana kwa waya wa shaba mwendo huo wenyewe unategemea yale mapatano.

Kitesta cha kebo, chenye taa moja kwa kila waya, asubuhi kiliwasha taa zote nane. Saa saba mchana taa ya 8 ikawa inapepesa, na nikikibonyeza kichwa cha RJ45, ile plagi ya mwisho wa kebo, inatulia. Nikakikata, nikaukwangua waya wa kahawia kwa kisu. Juu wekundu wa shaba, ndani weupe mtupu: alumini iliyopakwa shaba, na boksi limeandikwa Cat6, daraja la kebo linalotakiwa kuwa la shaba tupu! Alumini hutanuka kwa joto kuliko shaba, na penye meno ya kichwa hulegea upesi. Kitesta cha taa hakiwezi kukuonesha kwamba waya ni alumini, kwani chenyewe kinaangalia tu kama waya umefika. Ukinunua kebo, kwangua kwanza.

Kubana kichwa kipya kungenipa nafuu ya muda, basi nimevuta kebo mpya ya shaba tupu. Nimeipitisha ndani ya bomba la plastiki ukutani, mbali na bati, ikaishia kwenye soketi. iperf3, programu ya kupima mwendo wa mtandao, sasa inasoma megabiti 940 kwa sekunde, mchana na usiku, na hesabu ya makosa kwenye ethtool, amri ya Linux ya kukagua kadi ya mtandao, imesimama kwenye sifuri.

Imebaki laini ya chumba cha watoto, iliyotoka boksi lilelile. Nayo naing'oa kabla fundi hajafunga dari.