Nilivyofanikisha shawa ya vichwa vinne kwa ajili ya mama, na tenki langu la mnara mfupi

Mama alipohamia kwetu Arusha magoti yalikuwa yameshamchosha, kuoga amesimama hawezi, anakaa kwenye kistuli na ndoo mbele yake, na baridi ya Arusha mwezi wa saba wanaoishi huku mnaijua, ukijimwagia kopo moja kabla hujachota la pili mgongo umeshapoa. Nikaamua bafu la chumba chake nalivunja upya. Nilitaka shawa kubwa ya juu, shawa ya mkono, na mbili ndogo za ukutani usawa wa mgongo wa mtu aliyekaa, ili maji ya moto yampige muda wote bila yeye kuinua mkono.

Fundi wa kwanza nilimwonyesha picha akasema dada usijali, tunatoa tii, kile kiungio cha njia tatu, hapa na tii pale, siku mbili umemaliza. Hakuuliza tenki liko juu kiasi gani, hakuuliza bomba la ukutani ni saizi gani. Mi sio fundi lakini roho ilikataa, maana hata ile shawa moja iliyokuwepo ilikuwa inatiririka kama chai kwenye birika.

Nikachukua ndoo ya lita 10 na simu ya kuhesabia muda, nikafungulia shawa ya zamani mpaka mwisho. Dakika 1 na sekunde 50, yaani kama lita tano na nusu kwa dakika. Halafu nikasoma maboksi ya shawa nilizotaka kununua: ya juu inataka lita 12 kwa dakika, ya mkono 8, za ukutani 5 kila moja. Jumla 30. Nilichonacho tano na nusu, ninachotaka thelathini! Hapo nikajua kilichobaki ni hesabu, tailizi zisubiri kwanza.

Hesabu ya presha ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kila mita 10 za kwenda juu ni kama bar 1, bar ndiyo kipimo cha presha. Kitako cha tenki langu kiko mita 4.5 kutoka chini, sakafu ya bafu imeinuka nusu mita, shawa ya juu inakaa mita 2.1 kutoka sakafuni. Ukitoa unabakiwa na mita 1.9, ambayo haifiki hata bar 0.2, wakati boksi la shawa limeandika angalau bar 1. Jirani alinishauri niongeze mnara, ila ili nipate hiyo bar 1 tenki lingebidi lipande zaidi ya mita 12 na mi sijengi ghorofa, kwa hiyo ni pampu tu.

Hapo kwenye pampu nusura ninunue vibaya. Kibandiko kimeandikwa lita 40 kwa dakika na mita 40, nikaona tayari imezidi. Kumbe hizo namba mbili haziji pamoja, ikitoa maji mengi kabisa nguvu ya kusukuma imeisha, na ikisukuma juu kabisa maji hayatoki. Unatakiwa uombe ule mchoro wa pampu, uangalie kwenye lita zako inabaki na mita ngapi. Ile ndogo kwenye lita 30 ilikuwa imebaki kama mita 10, ambazo zingeliwa na mabomba njiani. Nikachukua ya hospawa moja (nguvu ya mota) ambayo kwenye lita hizo 30 ilikuwa bado na mita 25, tukaiweka chini kabisa karibu na tenki ili maji yaifuate yenyewe isihangaike kuvuta, na mbele yake chujio la kuzuia mchanga.

Mabomba ndiyo watu wengi wanabania. Ukutani kulikuwa na PPR, bomba la plastiki la kuunganisha kwa moto, ya nusu inchi, ile ya milimita 20, lakini hiyo 20 ni ya nje, tundu lenyewe ndani ni 13 na kidogo tu. Ukipitisha lita 30 humo maji yanakimbia zaidi ya mita 3 na nusu kwa sekunde, presha inaishia njiani na kelele juu. Fundi wa pili, kijana mtulivu anayesikiliza, tulikubaliana inchi moja kutoka kwenye pampu mpaka bafuni, robo tatu mpaka kwenye miksa inayochanganya maji ya moto na baridi, nusu inchi ibaki kile kipande cha mwisho cha kila kichwa.

Tukajaribu kabla ya kuziba ukuta, na nashukuru sana tulifanya hivyo. Maji ya moto yalikataa kabisa. Pampu ilikuwa inasukuma laini ya baridi peke yake, ya hita bado inashuka kutoka kwenye tenki kwa mserereko. Niliweka kiganja kwenye bomba la moto nikalisikia linapoa kuanzia kwenye miksa kwenda juu, maji baridi yalikuwa yanarudi kinyumenyume mpaka kwenye hita. Ikabidi laini zote mbili zitokee kwenye pampu moja, na mlangoni mwa hita ikafungwa valvu isiyorudisha maji pamoja na valvu ya usalama, hiyo ya usalama usikubali iachwe kwa sababu maji yakichemka yanatanuka na hayana pa kurudi.

Halafu nikapima kila kichwa na ndoo. Shawa moja ya ukutani lita 5, mwenzake lita 3. Fundi akakata elbo, kile kiungio cha kona, ya nyuma yake tukachungulia ndani, plastiki ilikuwa imevimba pete nzima, tundu limebaki la kupitisha kalamu. Ile ya milimita 20 inachomwa sekunde 5 tu kwenye mashine ya nyuzi 260, msaidizi wake aliisahau kwenye moto. Akaweka mpya, zikalingana.

Maji ya moto nayo yana mwisho wake. Hita yangu ni ya lita 80, vichwa vyote vikifunguka nusu ya zile lita 30 ni ya moto, dakika tano zimeisha. Kwa hiyo tumeweka swichi ya kugawa, ya kuchagua vichwa vipi vitoe maji, Mama anatumia ya mkono na moja ya mgongoni, lita 13, anaenda kama dakika 12 na zinamtosha. Sakafu inashuka sentimita 2 kila mita, bomba la kutolea ni inchi mbili, maji hayatuami.

Kitu cha mwisho tulichoongeza ni baipasi, yaani bomba la kuizunguka pampu, nayo ina valvu ya kuzuia maji yasirudi, ili umeme ukikatika maji ya tenki yapite yenyewe mpaka kwenye shawa ya mkono ambayo iko chini. Juzi umeme ulikatika Mama akiwa ndani. Nikakimbia mpaka mlangoni nikagonga, Mama uko salama? Akasema, "Niko salama mwanangu, yamepungua nguvu lakini bado ya moto, niache nimalizie mgongo."